Masizi Shavuni

Mtu akitaka kuachwa na mpenzi wake kwa siri, achague mji mkubwa. Ljubljana haufai kwa kazi hiyo. Hapa utalia darajani asubuhi, na ukifika sokoni utakuta muuza mayai ameshakuwekea leso pembeni.

Lakini Jumamosi ile kulikuwa na ukungu. Ukungu wetu wa Novemba hauji kusalimia na kuondoka, unakaa wiki nzima, unalala juu ya mto na kupanda hadi madirishani. Nikajiambia moyoni, leo hakuna atakayetuona. Nikamwita Gorazd tukutane kwenye Daraja la Washona Viatu kabla sijafungua kibanda chetu cha sokoni.

Alitokea ndani ya ukungu na nguo zake za kazi, nyeusi tangu kofia hadi viatu, burashi ya waya ameizungusha begani. Alikuwa ametoka kusafisha dohani ya mwoka mikate mmoja hapo karibu. Mimi Polona nina miaka thelathini na miwili, nimeshaona wanaume waliopiga suti za kila namna, lakini sijaona anayependeza akiwa mchafu kama huyu. Nasema ukweli tu.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimepotea. Mji wenu leo hauonekani."

"Ungeupapasa. Ni mdogo."

"Ni mdogo na bado nimepotea. Hebu fikiria."

Nikataka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Aliegemea nguzo ya daraja, akavua kofia, akaigeuzageuza mkononi.

"Polona, mjomba amepiga simu tena."

Habari ya mjomba nilikuwa naijua. Mjomba Ludvik anasafisha dohani za nusu ya mji wa Maribor, magoti yamemchoka na hana mtoto. Anataka kumwachia Gorazd wateja wake wote, na nyumba yenye mzabibu mlangoni. Kila alipopiga simu, mimi usingizi ulikuwa unaniruka.

"Anataka jibu lini?"

"Kesho, mezani, chakula cha mchana. Napanda treni ya leo mchana."

"Na jibu lenyewe ni lipi?"

Akaniangalia. Ana macho ya kijivu ambayo kwenye ule uso wenye masizi yanaonekana mepesi mno, na anapokuangalia hana haraka.

"Sijui," akasema. "Wewe una la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa kifuani tangu Septemba, nalala nalo na kuamka nalo. Lakini mimi ni binti wa Stane, na kwetu hatuombi. Mtu akitaka kuondoka, tunamshikia mlango na kumuuliza kama amebeba mwavuli.

"Treni zina baridi," nikasema. "Vaa shali."

Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni. Akaniwekea kiganja shavuni, akanibusu taratibu, kisha akarudia tena kwa nguvu zaidi. Halafu akasema, "Haya, Polona," akavaa kofia yake na kuingia kwenye ukungu. Nikabaki nasikia viatu vyake tu, halafu hata viatu sikuvisikia tena.

Nikashika njia ya sokoni huku nimeuma meno. Sikulia. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mjomba, na ile kubwa kuliko zote nilikuwa nayo juu yangu mwenyewe.

Mimi na Gorazd tulikutana kwa kifungo. Kwetu ukimwona msafisha dohani, unashika kifungo cha nguo yako na kuomba bahati. Anafanya hivyo daktari, anafanya mwalimu, na padri pia anafanya akidhani haonwi. Siku ile ya Septemba nilikuwa nimevaa koti la zipu. Nikamwona anatoka kwenye jengo, nikajipapasa mwili mzima, sina kifungo hata kimoja. Basi nikashika chake. Kikang'oka.

"Dada," akaniambia, akitazama uzi unaoning'inia kifuani pake, "umeomba kitu gani chenye nguvu hivyo?"

"Bado sijaomba."

"Basi omba upesi, halafu unishonee."

Nikamshonea pale pale, kwa sindano ya kuazima mkahawani, na nikajichoma kwa sababu alikuwa ananitazama kwa karibu. Kabla sijakata uzi nilishaijua lafudhi yake. Ni mtu wa Maribor. Moyo ulioruka ukaanguka chini. Watu wa Maribor wanatuita sisi vyura, kwa ajili ya matope na ukungu wetu, na sisi tunasema kwao hata ndoo ya maji inanukia mvinyo. Timu zetu zikikutana uwanjani, hakuna askari anayepewa likizo. Kumpelekea Baba mtu wa Maribor nyumbani, heri ningempelekea dubu.

Na huyo dubu mwenyewe hakupenda kitu hapa. Alikuwa amekuja kwa kazi ya miezi michache, na alilalamika kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi nimezaliwa mtaa wa Trnovo, penye bustani za saladi nyuma ya nyumba, sikuzoea kusikia mji wangu ukisemwa. Nikaapa nitamnyamazisha. Kila Jumamosi tukifunga kibanda, nikawa nampeleka mahali pamoja.

"Madaraja matatu yamepangana, yote yanakwenda pale pale?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo."

"Mlishindwa kuchagua?"

"Tuliyapenda yote."

Nikampeleka kwenye ule mtaa ambao viatu vimening'inia juu kwenye nyaya, akauliza wenyewe wamekwenda wapi miguu mitupu. Nikampeleka kwenye uwanja wa katikati ya mji, mahali ambapo siku za joto mabomba yaliyofichwa juu yananyesha mvua kwenye duara moja tu, na pembeni yote jua linawaka. Alisimama katikati ya hilo duara mpaka akalowa chapachapa, akasema haina maana, mvua nzima mnaimwagia sehemu moja. Nikamwonyesha kichochoro chenye sura ndogondogo za shaba ndani ya mtaro wa maji. Akachuchumaa, akazitazama moja baada ya nyingine kwa muda mrefu, mwisho akasema moja inafanana na mjomba wake akiwa na kiu.

Na kila tulipoagana aliniambia maneno yale yale. "Bado hujaniridhisha. Jumamosi ijayo una nini kingine?"

Basi wiki nzima nikawa nakuna kichwa nimtafutie kingine. Nikawa natembea mjini kwangu nikiangalia juu ya milango na nyuma ya malango, mahali nilipopita tangu nikiwa shule ya msingi bila kugeuza shingo. Kumtafutia yeye ndiko kulikonionyesha mji wangu mwenyewe. Yeye akaendelea kukunja uso, na mimi nikaendelea kumpenda.

Basi nilifika kibandani na hayo yote kichwani. Sisi tunauza kabichi chachu, ile ya kukatwa nyembamba na kulazwa kwenye mapipa na chumvi, kazi ya Baba na ya babu yangu kabla yake. Baba alikuwa amekwenda kuchukua kahawa. Nikafunga aproni, nikafunua pipa, na mteja wa kwanza akawa Mama Silva, jirani yetu wa siku nyingi.

"Nipimie kilo, mwanangu, na usiikamue sana," akasema. Halafu akaniangalia, na mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye kifungo cha koti lake. Akakishika.

Nikageuka nyuma nimwone huyo msafisha dohani anayepita. Hapakuwa na mtu.

"Kuna nini, Mama Silva?"

"Hakuna kitu. Leo umependeza." Akachukua kabichi yake, akaondoka upesi kuliko miguu yake inavyomruhusu, bila kuachia kifungo.

Akaja mwingine, mzee mmoja wa kofia ya manyoya. Akaniangalia, akashika kifungo. Wakaja mke na mume, wakaniangalia, wakashika vifungo vyao wote wawili, na mke akampiga mumewe kiwiko aache kucheka. Kila mara nilikuwa nageuka nyuma, na kila mara ni ukungu tu. Nikaanza kudhani Gorazd amenifuata na anajificha. Moyo wangu mjinga ukafurahi.

Kwenye kibanda cha jirani, Milena muuza mayai alikuwa anapanga mayai yaliyokwisha kupangwa.

"Milena, watu wana nini leo?"

"Mimi nauza mayai," akajibu bila kuinua macho.

Ndipo Baba akarudi na vikombe viwili. Kimoja akakiweka mezani. Cha pili kikabaki hewani.

"Polona."

"Naam, Baba."

"Una nini shavuni?"

"Sina kitu."

"Una vidole vinne na gumba."

Milena akanipa kioo chake cha mkobani, na hiyo ndiyo sababu nasema alikuwa ameshajiandaa. Nikajitazama. Kiganja kizima cha masizi kilikuwa kimenikaa usoni, gumba karibu na pua, vidole vinne vimeelekea sikioni. Ningeweza kubandika tangazo la ndoa kwenye mlango wa kanisa kuu na lisingesomeka vizuri kuliko uso wangu.

"Huyo msafisha dohani," Baba akasema taratibu, "ni wa wapi?"

Nikamrudishia Milena kioo chake.

"Milena, ni wa wapi?"

"Jamani, mimi nauza..."

"Ni wa wapi?"

"Maribor, Mzee Stane. Lakini ana adabu."

"Tangu lini?"

"Septemba," Milena akajibu, na mteja aliyekuwa kwenye foleni, mama nisiyemjua hata jina, naye akajibu pamoja naye, "Septemba."

Baba akakaa kwenye kiti chake. Nilitegemea afoke, na angefoka ningejua la kufanya. Hakufoka. Aliangalia kahawa yake tu, na masharubu yakamshuka.

"Soko zima linajua," akasema. "Mimi ndiye wa mwisho."

"Ningekwambiaje, Baba? Ukisikia Maribor kwenye redio unazima."

"Nimeshawapa Maribor binti mmoja. Wa pili siwapi."

Alikuwa anamsema Darja, dada yangu, aliyeolewa huko.

"Darja yuko mwendo wa saa moja na nusu tu, Baba."

"Na ninamwona Pasaka." Akaupangusa mzani ambao ulikuwa safi. "Msafisha dohani ni mtu wa kupita, Polona. Anapita, watu wanashika vifungo, anakwenda zake. Na wa Maribor ndiyo kabisa. Ijumaa jioni barabara inajaa wanarudi kwao. Huyu naye atarudi, na wewe utamfuata, na mimi nitabaki pale Trnovo na sahani moja."

"Basi furahi," nikamwambia. "Ameshaniaga. Anaondoka na treni ya mchana. Kesho anamjibu mjomba wake, na sahani zako zitabaki mbili."

Hapo machozi yakaja. Yakapita katikati ya vidole vya masizi, na Milena akatoa leso. Baba huwa hajui afanye nini na machozi. Akafunika pipa, akalifunua, akalifunika tena.

"Amekuaga," akauliza, "au umemfukuza?"

"Sikumfukuza."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia avae shali."

Milena akaguna. Yule mama wa foleni akasema "Maskini," na sikujua ananisema mimi au Gorazd.

"Hiyo umeitoa kwangu," Baba akasema. "Darja alipokuwa anaondoka, masanduku yameshaingia kwenye gari, akasimama pale kizingitini akinisubiri niseme kitu. Nikamuuliza kama amejaza upepo kwenye magurudumu."

"Alikuwa amejaza?"

"Alikuwa amejaza."

Nilitaka kumkumbatia, lakini kengele ya kigari ililia. Manispaa ina vile vigari vya kijani vya umeme vinavyowabeba wazee bure katikati ya mji, na Shangazi Zora, dada mkubwa wa Baba, anavipanda kutwa nzima ingawa hana anakokwenda. Habari zote za Ljubljana zinapitia humo. Kumbe Mama Silva alikuwa amepanda na kilo yake ya kabichi, na Shangazi alikuwa kiti cha mbele.

Kigari kikatokea kwenye ukungu kikienda mwendo wa konokono. Mbele alikaa Shangazi Zora amekumbatia mkoba. Nyuma, katikati ya Mama Silva na bibi mwingine mwenye mbwa, alikaa Gorazd na begi lake la safari magotini, akiwa bado na nguo za kazi. Mabibi wote walikuwa wameshika vifungo vyao, na yule wa mbwa alikuwa ameshika cha Gorazd.

"Shuka," Shangazi akamwambia.

"Mama, nina treni."

"Treni zipo kila siku. Shuka." Kisha akanigeukia mimi. "Tumemkuta anakwenda stesheni kwa miguu, kainamisha kichwa, anapita daraja la katikati. Nikamwambia dereva, mkatie njia."

"Dada, haya hayakuhusu," Baba akasema.

"Yananihusu. Nimemlea huyu mtoto. Ningekuachia wewe angekua anakula kabichi tu."

Gorazd akashuka. Akanitazama mimi kwanza, akaona kiganja chake mwenyewe shavuni mwangu na michirizi ya machozi ndani yake, na uso wake ukabadilika. Akapiga hatua. Halafu akakumbuka adabu, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Bwana Stane."

"Wewe ndiye wa Maribor."

"Ndiye mimi."

Baba akachukua uma wa mbao, akachota kabichi pipani, akamnyooshea. "Onja. Tutazungumza baadaye."

Foleni nzima ikasogea. Gorazd akatafuna, akafikiri, akameza. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo.

"Nzuri," akasema. "Chumvi imezidi kidogo."

Mtu mmoja nyuma akavuta pumzi. Masharubu ya Baba yakapanda.

"Amekosoa kabichi yangu."

"Anakosoa kila kitu," nikasema, na hapo ile hasira ya tangu asubuhi ikapata mlango. "Amekosoa madaraja. Amekosoa viatu. Amekosoa mvua, Baba, mvua. Miezi miwili na nusu nazunguka na mtu huyu namtafutia kitu kimoja tu cha kumpendeza, hakuna. Sasa Gorazd, kama hapa hakuna unachokipenda, umekaa kwenye kigari cha nini? Si ungeruka ukaenda zako?"

"Mama huyu alinishika mkono."

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani." Akaweka begi chini, juu ya mawe yaliyolowa. "Siku ile ya kwanza, ningekwambia kwamba madaraja nimeyapenda, Jumamosi ya pili ungenipeleka wapi?"

Nikaanza kuhesabu Jumamosi kwa vidole.

"Ungesema, haya, umeshaona, kwaheri," akaendelea. "Nikaona dawa ni kulalamika. Nikilalamika unakasirika, ukikasirika unanipangia Jumamosi nyingine. Zile sura za mtaroni nimerudi kuziangalia peke yangu sijui mara ngapi. Madaraja napita kushoto nikienda kazini, kulia nikirudi, na nikiwa na mawazo napita la katikati. Mwulize shangazi yako nilikuwa wapi."

"La katikati," Shangazi Zora akathibitisha. "Nimesema."

"Muongo mkubwa wewe," nikamwambia, lakini sauti haikuwa na meno.

"Ni muongo. Mji wenu nimeupenda na ukungu wake. Lakini mtu habaki mahali kwa sababu ya sura za mtaroni, Polona. Mjomba ananiambia kaa na mimi, kila Jumapili, tena kwa kelele. Wewe una mdomo mkali kuliko wote ninaowajua, na hujaniambia hata siku moja. Leo nilikuuliza mwenyewe. Ukaniambia nivae shali."

"Umevaa?"

Akafungua kifungo cha juu cha koti. Alikuwa amevaa.

Nawaambia, hicho ndicho kilichonivunja. Niliiangalia ile shali, nikaona mtu huyu atanitii hata nikimwambia aende, na atakwenda, na atakaa kule kwenye mzabibu akisafisha dohani za watu wengine, na mimi nitabaki na kiburi changu ndani ya pipa. Baba alikuwa ananitazama. Milena ananitazama. Mbwa wa yule bibi ananitazama.

"Baki," nikasema.

"Sijasikia. Soko lina kelele."

Soko lilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia kabichi ikidondosha maji. Nikamsogelea mpaka nikanusa moshi kwenye kola yake.

"Baki hapa, Gorazd. Usiende Maribor. Nakupenda na sitaki uende, nakuomba. Nimekuomba mbele ya watu na kesho mji mzima utanicheka, na bado nakuomba."

Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sauti ya nje, nadhani ili na mimi nisikie kila neno.

"Umepanda?" sauti nzito ikauliza.

"Sijapanda, Mjomba. Kesho siji. Na kazi siichukui. Nabaki."

"Ni mwanamke?" mjomba akauliza.

"Ni mwanamke."

"Wa huko huko kwa vyura?"

"Wa huko huko."

Mjomba akahema, na katika ile pumzi nilisikia uzee wake wote, nikaona haya kwa furaha yangu. "Na dohani zangu nitampa nani, Gorazd?"

"Mpe Majda, Mjomba. Amekusaidia kazi miaka yote, haogopi paa lolote, na wateja wanampenda kuliko mimi. Umeshajua hivyo siku nyingi."

"Najua," mjomba akasema. "Nilitaka uwe wewe."

"Najua na mimi. Nitakuja Jumapili nyingine. Tutakuja wote."

"Huyo mwanamke, watu wake ni akina nani?"

"Wanauza kabichi chachu sokoni."

"Kabichi ya Ljubljana?" mjomba akauliza. "Wanaweka chumvi mpaka ulimi unakufa."

Baba akamnyang'anya Gorazd simu. "Wewe, Bwana, hujaionja," akasema. "Njoo uionje kabla hujasema. Na hicho mnachokiita mvinyo uje nacho, tuone kama kinafaa hata kuoshea vyombo." Akasikiliza. Akasikiliza tena. Masharubu yakatikisika, na kama nisingemjua Baba ningesema alikuwa anakohoa. "Wiki ijayo, sawa. Tuna vitanda." Akarudisha simu bila kumtazama mtu.

Shangazi Zora akampigia kengele dereva aondoe kigari, maana sasa alikuwa na mengi ya kupeleka. Foleni ikaanza kusogea. Yule mama nisiyemjua akaomba kilo mbili, akasema anataka ile yenye chumvi. Gorazd alisimama pembeni na begi lake, hajui asogee wapi, na Baba akamwangalia juu mpaka chini.

"Usisimame hapo kama mteja," akamwambia. "Kuna pipa jipya la kuinua, na mimi mgongo wangu si wa kijana. Nenda kanawe mikono kwanza."

Bomba la wauzaji liko nyuma ya nguzo za soko, kwenye kipembe ambacho mnunuzi hafiki na mimi sikuwahi kumwonyesha mtu. Nikampeleka mwenyewe. Nikamfungulia maji, nikamsugua kidole kimoja kimoja kwa sabuni ya kufulia, naye akaninawisha shavu kwa ncha ya shali. Maji ya Novemba yanauma mpaka kwenye mfupa. Nilimsubiri aseme kitu kuhusu hilo bomba, na hakulalamika.